Soma Kwanza Mwandiko Wake

Mwanangu,

Uliponipigia simu kunipa habari ya uteuzi wako niliitikia shikamoo yako, nikakupongeza, kisha nikanyamaza. Ulidhani simu imekatika, ukawa unaita "Baba? Baba, unanisikia?" Nilikuwa nakusikia. Ila nilikuwa nimemkumbuka mama mmoja na mfuko wake wa rambo, na sauti ilikuwa imenikauka.

Umekabidhiwa kazi ya kuongoza watu wanaopokea na kuchunguza malalamiko ya wananchi dhidi ya watumishi wa serikali yao: aliyepigwa akiwa mahabusu, aliyenyimwa huduma kwa sababu ya ulemavu, aliyefukuzwa kazi bila kusikilizwa, aliyebomolewa nyumba bila notisi. Uliniomba nasaha. Nimeona nikuandikie, kwa kuwa maneno ya simu hupeperuka, na haya ningependa uyarudie siku utakapobaki ofisini peke yako, wenzako wameshapanda daladala, na majalada bado yamejaa mezani. Kazi hiyo niliifanya miaka mingi, katika ofisi nisiyopenda kuitaja. Makosa nitakayokusimulia ni yangu mwenyewe.

Mama yule alikuja siku ya Jumanne. Mfuko ulifungwa fundo mara mbili, na alipoufungua alitoa kitu kimoja kimoja na kukipanga juu ya kaunta ya mapokezi kama mtu anayepanga samaki sokoni: cheti cha kifo cha mumewe, kitambulisho cha kazi cha marehemu, na karatasi mbili zilizochanwa kwenye daftari la shule, zimeandikwa kwa kalamu ya bluu pande zote mbili. Mumewe alikuwa mtumishi wa umma, amefia kazini. Mama alitaka kufuatilia mafao. Ili mahakama ya mwanzo imteue kuwa msimamizi wa mirathi alitakiwa apeleke muhtasari wa kikao cha ukoo pamoja na barua ya utambulisho kutoka serikali ya kijiji. Ukoo ulikaa ukamchagua yeye, bila ugomvi wowote. Ofisa mtendaji wa kijiji ndiye aliyekataa kumpa barua na muhuri.

Kijana wetu wa mapokezi alimsikiliza, akajaza fomu. Kwenye kisanduku cha aina ya lalamiko akaandika maneno matatu: Mgogoro wa mirathi. Jalada likafunguliwa, likapewa namba, likanifikia mezani mchana pamoja na mengine kama ishirini. Nikasoma fomu. Mirathi ni jambo la mahakama, hilo kila mtu katika kazi hii analijua. Nikaandika chini yake, "Liko nje ya mamlaka yetu. Ashauriwe kwenda mahakamani." Nikasaini. Sidhani kama nilitumia dakika nzima.

Zile karatasi mbili za daftari zilikuwa mle mle ndani ya jalada, zimebanwa nyuma ya fomu. Sikuzisoma. Ukurasa wa pili, karibu na mwisho, mama alikuwa ameandika: "Akaniambia nikamlete mwanamume."

Lalamiko lote lilikuwa hapo. Mtumishi wa umma amemnyima raia huduma kwa sababu ni mwanamke. Ibara ya 13 ya Katiba inakataza mtu au mamlaka yoyote inayotekeleza madaraka ya serikali kumbagua mtu, na jinsia imetajwa humo waziwazi. Hakukuwa na mgogoro wowote wa mirathi. Mimi nikamwambia aende mahakamani, wakati mahakamani ndiko alikokuwa anakwenda, na muhuri ndio uliomzuia njiani.

Mwanangu, ukisahau yote katika barua hii, usisahau kwamba ofisi kama yako ina ulimi wake, na ulimi huo unameza maneno ya watu. Mtu anakuja na sentensi iliyo hai, yenye siku, mahali na jina, halafu sisi tunamvalisha suti: mgogoro wa ardhi, suala la kiutumishi, madai ya mafao, utovu wa nidhamu. Kila mkono unaopitia jalada unapunguza kidogo. Mapokezi wanafupisha, mchunguzi anafupisha ufupisho, mkuu wa kanda anasoma dokezo tu, na likifika kwa anayeamua, yule mtu ameshatoweka. Hakuna aliyedanganya katika mlolongo huo. Kila mmoja alikuwa anafanya kazi yake, na mimi nilikuwa naifanya yangu kwa haraka.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya kiongozi wa uchunguzi ni kuyalinda maneno ya mlalamikaji yafike mwisho yakiwa na uhai wake. Waagize watu wako waandike lalamiko kama lilivyosemwa, kwa nafsi ya kwanza, kisha walisome kwa sauti mbele ya mwenyewe kabla hajaweka saini au dole gumba. Asiyejua kusoma asomewe mara mbili. Kama alisema "walinikung'uta", kusiandikwe "alishambuliwa". Tafsiri ya kisheria ina nafasi yake, nayo iandikwe kwenye karatasi nyingine, na jina la aliyeitafsiri liwe chini yake.

Naona vijana wengi wanaingia katika kazi hii wakidhani imeanza juzi, na historia yake ni sehemu ya nasaha. Tanzania ilikuwa nchi ya kwanza Afrika kuwa na chombo cha namna hii. Mwaka 1966 ilianza Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, chini ya uenyekiti wa Chifu Erasto Mang'enya, katika nchi ya chama kimoja ambayo Katiba yake haikuwa na orodha ya haki ambazo mtu angeweza kuzidai mahakamani. Tume ilizunguka mikoani na wilayani ikisikiliza watu, na mengi ya yaliyoletwa hayakuwa ndani ya uwezo wake, lakini watu walikuja, kwa kuwa kuna mtu ametoka mbali kuja kuwasikiliza. Ilichokosa ni meno na uwazi: taarifa zake zilikwenda kwa Rais, na Rais ndiye aliyeamua nini kifanyike. Haki za msingi ziliingia katika Katiba mwaka 1984, na mwaka 1988 ndipo mahakama zilipoanza kupokea mashauri yake. Kisha yakaja mabadiliko ya Katiba ya mwaka 2000 na Sheria Namba 7 ya 2001, ikazaliwa Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, inayopokea malalamiko ya pande zote mbili, yale ya haki kuvunjwa na yale ya ofisi kutumia vibaya madaraka yake.

Jifunze mipaka ya sheria hiyo mpaka uijue kama unavyolijua jina lako. Rais hachunguzwi. Shauri lililoko mahakamani haliguswi. Sikwambii haya ili upate sababu za kufunga majalada. Sababu za kufunga jalada hazijawahi kupungua katika ofisi yoyote niliyoiona. Nakwambia ili mtu aliye nje ya mipaka yako aambiwe mapema, wiki ile ile, kwa lugha anayoielewa, na aonyeshwe mlango ulio wake. Nimeona wazee waliosubiri miaka miwili kuambiwa kwamba hawakustahili kusubiri hata siku moja. Hapana ya mapema inamwachia mtu nauli ya kwenda kwingine.

Sasa nizungumze juu ya safari, maana uchunguzi haufanyiki kwenye kompyuta.

Bajeti ya mafuta itakuwa haitoshi. Hilo halitabadilika kwa sababu umeteuliwa wewe. Utafika wilayani kwa basi, na mtu mwema kutoka halmashauri atakuja kukupokea stendi, akwambie gari la mkurugenzi lipo, dereva yupo, na chakula cha mchana kimeandaliwa. Huenda hana nia mbaya yoyote. Ndio ukarimu wetu. Lakini anayelalamikiwa ni halmashauri hiyo hiyo. Ukishuka kutoka gari lile mbele ya wanakijiji, wameshakuhesabu uko upande gani kabla hujatoa salamu, na shahidi uliyekuja kumtafuta amekumbuka ghafla kwamba siku hiyo alikuwa amesafiri. Kodi bodaboda. Kula mihogo kwa mama ntilie. Ukikosa kabisa usafiri mwingine, ahirisha, na uandike kwenye jalada kwa nini umeahirisha.

Angalia pia mahali pa kuketi. Usimhoji mkulima katika ofisi ya mtu aliyemchomea ghala. Nilipenda kuhojia chini ya mti, mbali kiasi kwamba tunaonekana ila hatusikiki, mimi nimekaa kwenye kiti kilicho sawa na chake. Kama kuna benchi moja na kiti kimoja, kiti ni cha shahidi. Mwanamke aliyedhalilishwa ahojiwe na mwanamke, na usimtume mchunguzi peke yake. Kama unahitaji mkalimani, uliza kwanza ni mtoto wa nani, kaoa wapi, anafanya kazi gani. Nilishawahi kumtumia kijana mcheshi sana kututafsiria kwa bibi mmoja wa Kisukuma asiyejua Kiswahili. Majibu ya bibi yalikuwa marefu na tafsiri ilikuwa fupi. Siku ya pili ndipo mwalimu wa shule aliponinong'oneza kwamba kijana yule ni mpwa wa mlalamikiwa. Tulirudia mahojiano yote. Na kwa kiziwi, mkalimani wa lugha ya alama ni haki yake. Ndugu anayekisia kwa mikono hatoshi.

Wewe unamaliza uchunguzi, halafu unaondoka. Mlalamikaji anabaki. Anateka maji kisima kimoja na mke wa mtendaji, mtoto wake anasoma kwa mwalimu aliye shemeji wa mwenyekiti. Kabla hujaondoka muulize: tukiondoka, nani atakusumbua? Mpe namba ya simu ambayo inapokelewa, halafu wewe mwenyewe upige baada ya wiki mbili, kisha baada ya mwezi. Simu ya dakika tatu. Wachunguzi wangu wengi walidharau simu hiyo mpaka siku tulipopiga, tukaambiwa na sauti ya mtoto kwamba baba amehama kijiji.

Sitaki uchukue haya yote ukadhani kwamba nakufundisha kuwa wakili wa walalamikaji. Wewe si wakili wa mtu. Moyo wako utakuwa upande wa aliyeumia, na Mungu asikunyime moyo huo, lakini mkono wako unaoandika lazima uwe wa wote wawili. Ibara ile ile ya 13 niliyokutajia inampa kila mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu pale haki na wajibu wake vinapoamuliwa. Kila mtu, hata askari anayetajwa kuwa alimpiga mtu.

Ngoja nikupe mfano. Kijana mmoja aliyetoka mahabusu alileta lalamiko la kupigwa. Mgongo ulikuwa na makovu, daktari alikuwa ameyaandika kwenye fomu. Alimtaja askari kwa jina. Timu yangu ilikuwa na hasira, na mimi nilikuwa nayo. Rasimu ya taarifa ilikuwa tayari kabla ya kumhoji mlalamikiwa. Mchunguzi wetu mmoja, binti mtulivu aliyekuwa na miezi minne tu kazini, akasema tungoje, kitabu cha zamu hatujakiona. Nikamruhusu aende, nikidhani anapoteza nauli. Aliporudi alikuwa na nakala ya kurasa tatu: askari aliyetajwa alikuwa likizo wiki ile yote, na hati yake ya kusafiria ilithibitisha.

Baadhi ya wenzetu wakasema basi kijana amedanganya, jalada lifungwe. Hapo ndipo uongozi ulipohitajika, mwanangu, kuliko wakati mwingine wowote. Makovu hayakuwa yamekwenda likizo. Tulimwita kijana tena, tukamuuliza alilijuaje jina lile. Akasema ndilo jina pekee alilowahi kulisikia likiitwa pale ndani. Alipigwa gizani na watu wawili, akampa kosa mtu ambaye jina lake alilijua. Tukaanza upya na kitabu kile kile cha zamu, tukawapata waliokuwapo. Askari aliyekuwa likizo tulimwandikia barua ya kumsafisha, nakala kwa mkubwa wake wa kazi, na niliisaini kwa aibu, kwa kuwa rasimu yangu ilikuwa karibu kumharibia maisha.

Tangu siku hiyo niliweka utaratibu ofisini: kila jalada lijibu maswali mawili kwenye karatasi mbili tofauti. Ya kwanza, jambo limetokea? Ya pili, nani amelifanya? Mtu anaweza kuwa mkweli kabisa katika la kwanza na akakosea kabisa katika la pili. Tukiyachanganya, tunamdhulumu mmoja wao, na mara nyingi tunawadhulumu wote.

Utapigiwa simu pia. Hili nalisema kwa ufupi kwa kuwa dawa yake ni fupi. Mkubwa fulani atakuuliza kwa upole jalada la mtu fulani limefikia wapi, kisha ataongeza kwamba "tuangalie mazingira". Msikilize kwa adabu zote, usibishane, halafu ukiweka simu chini chukua karatasi uandike dokezo: tarehe, saa, nani kapiga, kasema nini, umejibu nini. Libandike kwenye jalada kwa namba yake. Mwambie karani wa masjala aliingize. Watu wakijua kwamba kwako kila simu inazaa karatasi, simu zitapungua zenyewe.

Kuhusu timu yako nina neno ambalo mimi sikuambiwa na mtu. Watu wanaosikiliza maumivu kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa tisa na nusu hugeuka kwa njia mbili. Wengine wanakuwa wagumu, wanaanza kuwaita walalamikaji "wasumbufu" na kujua jibu kabla ya swali. Wengine wanajaa mpaka wanamwagika. Nilikuwa na mchunguzi hodari aliyerudi kutoka kwenye lalamiko la mtoto, akakaa kwenye gari nje ya ofisi saa nzima bila kushuka. Nilimwona dirishani. Sikwenda. Nilifikiri namheshimu kwa kumwacha. Mwezi uliofuata aliomba uhamisho, tukampoteza mtu bora kuliko wote tuliokuwa nao. Ungekuwa wewe, ningetaka ushuke ngazi, ufungue mlango wa gari ule, ukae naye. Usimpe neno lolote la hekima. Kaa tu, kisha mwambie aende nyumbani, na kesho mpe jalada la mafao, lisilo na damu.

Wale wagumu nao usiwakaripie mbele za watu. Wapeleke mapokezi wiki moja, wawe wanapokea watu mlangoni badala ya kupokea majalada. Nimeona wengi wakilainika siku ya tatu.

Sasa taarifa. Ofisi ya namna yako haitoi hukumu, inatoa mapendekezo, na wapo watakaokucheka kwa hilo, wakikuuliza mmewahi kumfunga nani. Wajibu kwa mfano wa Nyamuma. Mwaka 2001 wanakijiji wa Nyamuma, wilayani Serengeti, waliondolewa kwa nguvu katika ardhi yao, na nyumba zikachomwa. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kikapeleka lalamiko lao kwenye Tume. Tume ikafanya uchunguzi, ikawasikiliza, ikaona haki zao zimevunjwa, ikapendekeza walipwe fidia. Serikali ikakataa mapendekezo hayo. Hapo wengi walidhani mambo yamekwisha. Lakini sheria ya 2001 inasema mamlaka iliyopewa mapendekezo ieleze imefanya nini katika muda usiozidi miezi mitatu, na isipofanya hivyo Tume yaweza kwenda mahakamani, au kumshauri anayehusika aende. Wakaenda. Mahakama Kuu haikuwapa walichotaka, wakapanda tena, na katika Rufani ya Madai Namba 88 ya 2006 Mahakama ya Rufani ikasema kwamba mapendekezo ya Tume yanaweza kutekelezwa kupitia Mahakama Kuu.

Watu wengi wakiisimulia kesi hiyo wanamsifu wakili. Mimi namfikiria yule mchunguzi asiyejulikana aliyekaa juani Nyamuma akiandika maelezo ya mtu mmoja mmoja, jina kwa jina, ukuta kwa ukuta, kuku kwa kuku. Bila karatasi zake wakili angesimama mbele ya majaji na nini? Andika kila taarifa ukijua kwamba siku moja itasimama mbele ya majaji bila wewe kuwapo kuieleza.

Na mapendekezo yenyewe yawe ya kutekelezeka. Nimesoma taarifa nzuri za kurasa arobaini zilizoishia na "mamlaka husika zichukue hatua stahiki". Mamlaka ipi? Hatua gani? Lini? Ukiandika hivyo umempa mlalamikiwa mlango wa kutokea. Andika: ofisa mtendaji wa kijiji atoe barua ya utambulisho kwa mlalamikaji ndani ya siku saba, na mkurugenzi awaandikie watendaji wote wa vijiji katika halmashauri yake kwamba mwanamke hahitaji mwanamume ili apewe barua. Sentensi kama hiyo mtu anaweza kuitii, na akikataa kuitii, kukataa kwake kunaonekana.

Swali la usuluhishi utaulizwa kila siku, maana Katiba yenyewe inautaja kuwa sehemu ya kazi ya Tume, na sisi ni watu wa kupatana. Ni njia nzuri penye deni la mshahara, mpaka wa shamba, cheti kilichochelewa. Mtu aliyepigwa, au aliyebaguliwa kwa vile alivyoumbwa, usimkalishe meza moja na aliyemtenda ili wapeane mikono. Atakubali. Watu wanyonge hukubali haraka sana mbele ya wakubwa, na wewe utaandika "limesuluhishwa" kwenye jalada, na takwimu za robo mwaka zitapendeza. Kaa mbali na takwimu za namna hiyo. Ukipimwa kwa idadi ya majalada yaliyofungwa, toa idadi hiyo, lakini weka pembeni yake idadi yako mwenyewe: wangapi walipigiwa simu baada ya jalada kufungwa, na walisema nini.

Nirudi kwa yule mama.

Alirudi baada ya miezi minane. Mfuko ulikuwa mwingine, fundo lilikuwa lile lile. Hakuja kugomba. Alimwambia kijana wa mapokezi kwamba labda mara ya kwanza hakueleza vizuri, kwa hiyo ameandika upya, na safari hii mwanawe wa darasa la saba amemsaidia herufi. Alidhani kosa ni lake! Kwa bahati siku ile nilikuwa nimeshuka mapokezi kutafuta barua nyingine. Nikaichukua karatasi yake nikasoma nikiwa nimesimama. Safari hii ile sentensi alikuwa ameiweka mstari wa kwanza kabisa.

Niliagiza jalada la zamani litolewe masjala. Nikayaona maneno yangu na saini yangu. Nikamkaribisha ofisini, nikamwonyesha, nikamweleza nilichokifanya, nikamwomba radhi. Aliniangalia kidogo, akaniuliza kama mwanangu anasoma. Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi tusaidiane." Tulichunguza. Tulikuta wajane wengine watatu katika kata ile ile waliokuwa wameambiwa maneno yale yale, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kulalamika popote. Barua ya utambulisho ilipotoka ilikuwa na mistari minne na muhuri. Kati ya siku aliyoiomba kijijini na siku aliyoipata ulikuwa umepita mwaka mmoja na miezi miwili, na katika muda huo binti yake mkubwa alikuwa ameacha shule.

Jumatatu unaanza kazi. Watakuandalia kikao cha kukukaribisha, watakupitisha kwenye ofisi zote, watakupa muhtasari wa utekelezaji. Vipokee vyote kwa heshima. Halafu alasiri nenda masjala, mwamkie karani, mwombe majalada yote yaliyofungwa mwaka huu kwa maneno "nje ya mamlaka". Usianze na fomu. Ligeuze kila jalada, utafute karatasi ya nyuma kabisa, ile yenye mwandiko wa mlalamikaji mwenyewe, uisome mpaka mwisho.